Hadhi Isiyo na Dhamana: Abiria wa Mara kwa Mara na Kanuni Zinazobadilika

Hadhi ya abiria wa mara kwa mara ni cheo ambacho shirika la ndege humpa msafiri aliyeruka nalo sana, au aliyelilipa fedha nyingi, ndani ya mwaka mmoja. Vyeo hivyo hupewa majina ya madini na vito: Fedha, Dhahabu, Platinamu, Almasi. Manufaa yake huonekana uwanjani. Mwenye hadhi hupanga foleni fupi ya kukabidhi mizigo, huruhusiwa begi la ziada bila kulipia, husubiri kwenye ukumbi maalumu wenye chakula na viti vya kupumzikia, huingia ndegeni mapema, na kwa mashirika ya Marekani hasa, huweza kuhamishiwa viti vya mbele vikibaki wazi. Lakini siku ambayo hadhi hulipa kweli ni siku mambo yanapoharibika. Ndege ikifutwa usiku na abiria 200 wakabaki wanagombania viti 30 vya kesho asubuhi, orodha huanza na wenye vyeo.

Hadhi si maili. Maili, au pointi kama baadhi ya mashirika yanavyoziita, ni kama fedha ya ndani ya shirika: hukusanywa, huwekwa, na siku moja hununua tiketi. Hadhi hupimwa kwa hesabu nyingine kabisa, na hesabu hiyo hurudi sifuri kila mwaka. Delta Air Lines huanza upya Januari; British Airways huanza upya Aprili. Aliyefika ngazi ya juu mwaka huu hubaki nayo kwa muda uliowekwa, kisha hutakiwa kuitafuta tena tangu mwanzo. Huko kurudi sifuri ndiko kunakomfanya mtu akatae tiketi ya bei nafuu ya shirika jingine mwezi wa Novemba, kwa sababu tu amebakiza safari moja.

Mpango huu ulizaliwa na ushindani wa bei. Kabla ya 1978 serikali ya Marekani ndiyo iliyopanga nauli na kuamua shirika gani liruke njia ipi, hivyo mashirika yalishindana kwa chakula na huduma tu. Tarehe 24 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuondoa udhibiti huo. Nauli zikashuka, mashirika mapya yakaibuka, na abiria wakagundua kwamba kiti ni kiti, bila kujali rangi ya ndege. American Airlines, ambalo rais wa kampuni wakati huo alikuwa Robert Crandall, lilijibu tarehe 1 Mei 1981 kwa mpango ulioitwa AAdvantage. Wanachama wa kwanza walipatikana kwa kuchambua kumbukumbu za mtambo wa kukatia tiketi, Sabre, na kutafuta wateja waliojirudia. United Airlines lilifuata ndani ya siku chache tu, na British Airways likaanzisha wake mwaka 1982.

Kulikuwa na ujanja ndani ya mpango huo ambao haukusemwa kwa sauti. Mara nyingi tiketi ya safari ya kikazi hulipwa na mwajiri, lakini anayechagua shirika ni mfanyakazi, na zawadi humwendea mfanyakazi. Mwajiri hulipa nauli kubwa zaidi ili mtu mwingine apate likizo ya bure. Baadhi ya serikali ziliuona ujanja huo mapema. Norway ilipiga marufuku utoaji wa pointi kwenye safari za ndani ya nchi kuanzia 2002, kwa hoja kwamba mashirika madogo yangeshindwa kuingia sokoni ikiwa kila msafiri wa kikazi tayari amefungwa na shirika kubwa. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2013.

Kwa zaidi ya miaka 30 kipimo kikuu kilikuwa umbali. Maili moja angani ilikuwa maili moja kwenye daftari, iwe tiketi ilinunuliwa kwa dola 200 au 2,000. Kipimo hicho kilimpendelea msafiri mjanja. Watu walinunua tiketi za bei ya chini zilizokuwa na vituo vingi, wakaruka kwenda mji wa mbali Jumamosi na kurudi Jumapili bila hata kutoka nje ya uwanja, ili mradi maili zitimie kabla ya Desemba. Kulikuwa na wasafiri wenye ngazi za juu ambao shirika halikupata faida yoyote ya maana kutoka kwao, na mashirika yalilijua hilo.

Marekebisho yalianza taratibu. Kuanzia 2014 Delta liliongeza sharti la kiasi cha fedha juu ya sharti la umbali, na mwaka 2015 likaanza kutoa maili za kununulia tiketi kulingana na dola zilizolipwa. United lilifanya vivyo hivyo mwaka huo huo, na American likafuata Agosti 2016. Mwaka 2020 United lilifuta kabisa maili kama kipimo cha hadhi. Air France na KLM, kupitia mpango wao wa pamoja wa Flying Blue, tayari walikuwa wameanzisha pointi za uzoefu mwaka 2018, ambazo bado zinaangalia umbali na daraja la kiti badala ya bei. Mwaka 2022 American lilikwenda mbali kuliko wote: likaanza kuhesabu hata manunuzi ya kadi ya benki katika kutafuta hadhi, kiasi kwamba mtu angeweza kufika ngazi ya juu kwa kununua samani na mafuta ya gari, bila kupanda ndege.

Halafu ikaja Septemba 2023, na hapo ndipo wasafiri wengi walipoanza kuuliza maswali.

Delta lilitangaza kwamba umbali na idadi ya safari havitahesabiwa tena. Kipimo kitakuwa kimoja, dola. Ngazi ya Fedha, ambayo mwaka huo ilidai matumizi ya dola 3,000 pamoja na umbali, ingedai dola 6,000. Dhahabu ingepanda kutoka 8,000 hadi 12,000, Platinamu kutoka 12,000 hadi 18,000, na Almasi kutoka 20,000 hadi 35,000. Wakati huo huo wenye kadi za American Express, ambao wengi wao walizichukua kwa sababu ya kumbi za mapumziko, waliambiwa kwamba kuingia humo kutawekewa idadi. Kadi ya Delta ya ngazi ya juu ingempa mtu mara 10 kwa mwaka. Kadi iliyo chini yake isingempa hata mara moja.

Shirika lilikuwa na sababu. Wakati wa korona mashirika yaliongeza muda wa hadhi za watu waliokuwa wamekaa nyumbani, na kadi za benki zikaendelea kugawa nafuu za kufikia hadhi. Safari ziliporudi, wenye vyeo walikuwa wengi kuliko viti vya mbele na kuliko viti vya kumbini. Foleni za kuingia kwenye kumbi za Delta zilifika hadi kwenye korido za viwanja. Cheo ambacho kila mtu anacho hakina maana kwa yeyote, na shirika lilikuwa na haki ya kupunguza wenye nacho. Tatizo lilikuwa ukubwa wa hatua iliyopigwa kwa mkupuo mmoja, na ukweli kwamba iliwagusa zaidi wale waliokuwa wakiruka sana kwa tiketi za kawaida, yaani watu walioamini kuwa ndio waliokusudiwa na neno uaminifu.

Hasira zilikuwa kubwa kiasi kwamba wiki mbili hazikupita kabla mkurugenzi mkuu wa Delta, Ed Bastian, hajakiri mbele ya mkutano huko Atlanta kuwa huenda shirika lilikuwa limevuka mipaka. Tarehe 18 Oktoba lilirudi nyuma kidogo: Fedha 5,000, Dhahabu 10,000, Platinamu 15,000, Almasi 28,000. Idadi ya kuingia kumbini iliongezwa hadi mara 15 kwa kadi hiyo ya juu ya Delta, na mara 10 kwa kadi ya Platinum ya American Express yenyewe. JetBlue na Alaska Airlines hawakulala. Wote wawili walitangaza kuwapokea wenye vyeo vya Delta na kuwapa vyeo vinavyolingana. Hata hivyo, ikilinganishwa na hali ya kabla ya Septemba, kila ngazi ilibaki imepanda bei. Anayetaka kujua namna ya kupandisha bei bila kupoteza wateja anaweza kulisoma tukio hili kama darasa: tangaza kubwa, pokea lawama, punguza kidogo, na kinachobaki kionekane kuwa huruma.

British Airways walichagua wakati mwingine wa kutangaza, tarehe 30 Desemba 2024, watu wakiwa likizoni. Kuanzia 1 Aprili 2025 mpango wao ulibadilishwa jina na kuwa The British Airways Club, na pointi za ngazi zikaanza kutolewa kwa kiwango cha pointi moja kwa kila pauni moja. Shaba ilihitaji pointi 3,500, Fedha 7,500, Dhahabu 20,000. Zamani Fedha ilikuwa pointi 600 na Dhahabu 1,500, lakini tarakimu hizo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja kwa sababu pointi zenyewe zilikuwa za aina nyingine. Kulinganisha kunahitaji safari halisi.

Chukua safari ya London kwenda Nairobi na kurudi, daraja la biashara. Kwa kanuni za zamani kila mruko wa zaidi ya maili 2,000 katika daraja hilo ulitoa pointi 140, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 280. Safari tatu zilitosha kwa Fedha, na sita kwa Dhahabu, iwe tiketi imenunuliwa kwenye punguzo au siku moja kabla ya kuruka. Kwa kanuni mpya kinachohesabiwa ni nauli na tozo za shirika lenyewe. Kodi za serikali na ada za viwanja hazimo. Kodi ya abiria ya Uingereza peke yake, kwa umbali wa Nairobi na kwa daraja la biashara, ilikuwa pauni 216 mwaka huo kanuni zilipoanza. Tuseme baada ya makato yote tiketi imebakiwa na pauni 2,000 zinazohesabiwa. Fedha sasa ni safari nne, na Dhahabu ni safari kumi. Anayekaa daraja la kawaida, ambaye pengine zimebaki pauni 500 zinazohesabiwa, atahitaji safari 15 ili aione Fedha. Ni wachache mno wanaosafiri hivyo kwa fedha za mfukoni mwao. Shirika liliongeza pointi za nyongeza kwa tiketi zilizokatwa mapema na likafungua njia ya kupata baadhi ya pointi kwa kadi ya benki, lakini mwelekeo ulikuwa wazi.

Mabadiliko hayo yaliua pia mbinu moja iliyopendwa, ambayo ilipita karibu na pwani ya Afrika Mashariki. British Airways na Qatar Airways wamo katika muungano mmoja wa mashirika, oneworld. Mtu aliyeruka London hadi Doha na kisha Doha hadi Dar es Salaam kwa daraja la biashara alikuwa na miruko miwili ya zaidi ya maili 2,000 kila upande, hivyo pointi 140 mara nne, jumla 560. Kwa safari moja tu alikuwa amekaribia kabisa Fedha ya British Airways, akibakiza pointi 40 na sharti la kuruka na British Airways lenyewe mara nne, ambalo lilitimizwa kwa safari fupi za Ulaya. Tiketi za namna hiyo mara nyingi zilikuwa nafuu zikianzia mji mwingine wa Ulaya badala ya London. Sasa kwa tiketi za Qatar pointi hutolewa kwa asilimia ya umbali na aina ya nauli, na ile faida ya kuunganisha ndege imekwisha.

Lufthansa nao walibadilisha mfumo wao Januari 2024, ingawa hesabu yao huangalia daraja la kiti na kama safari ni ya ndani ya bara au ya kuvuka mabara, badala ya fedha taslimu. Si kila shirika limefuata njia moja.

Waliopoteza katika wimbi hili wanafanana sana. Ni mshauri anayejilipia tiketi, mhadhiri wa chuo, mfanyakazi wa shirika lisilo la kiserikali ambaye sera ya ofisi inamtaka akae daraja la kawaida, na mstaafu aliyependa kupanga safari zake kwa hesabu. Waliopata ni wale ambao kampuni zao hununua tiketi za bei ya juu dakika za mwisho, ambao hata hivyo hawakuwahi kuhangaika na pointi.

Kwa nini shirika liwaudhi watu wanaoruka nalo sana? Jibu limo benki. Mwaka 1987 American na Citibank walianzisha kadi ya pamoja, ambapo benki hununua maili kutoka kwa shirika na kuwagawia wateja wake kila wanapotumia kadi. Biashara hiyo imekua hadi kuishinda ile ya kurusha ndege katika kuleta faida ya uhakika. American Express waliilipa Delta takriban dola bilioni 6.8 mwaka 2023, na dola bilioni 7.4 mwaka 2024. Janga la korona lilifunua thamani hii hadharani. Viwanja vikiwa vitupu mwaka 2020, United waliweka mpango wao wa maili rehani ili kupata mikopo, na katika hesabu zao mpango huo ulikuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22, zaidi ya thamani ya hisa zote za kampuni nzima sokoni wakati ule. Delta walikopa dola bilioni 9 kwa dhamana ya mpango wao, na American dola bilioni 10 mwaka 2021. Kwa lugha nyingine, wawekezaji waliona daftari la maili lina thamani kubwa kuliko ndege zenyewe.

Mpango wa uaminifu ukishakuwa rehani ya mabilioni, lazima uendeshwe kama benki. Maili zilizotolewa ni deni kwenye vitabu, na hadhi ni gharama ya chakula, vinywaji, begi la ziada na kiti ambacho kingeweza kuuzwa. Mashirika pia yamejifunza kuuza moja kwa moja vile vilivyokuwa zawadi. Kiti cha mbele ambacho zamani kilibaki wazi na kupewa mwenye Dhahabu, leo huuzwa kwenye simu ya abiria yeyote kwa nyongeza ya bei siku mbili kabla ya safari. Kadiri viti vinavyozidi kuuzwa, ndivyo hadhi inavyobaki na foleni fupi na begi tu.

Sheria nayo haimsaidii msafiri sana. Masharti ya karibu kila mpango yanasema shirika laweza kubadili kanuni wakati wowote. Mwaka 1988 American lilipunguza matumizi ya maili ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzikusanya, likaweka siku ambazo haziwezi kutumika na kuwekea kikomo viti vya zawadi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1995 iliamua kwamba abiria wanaweza kudai kuvunjwa kwa mkataba, lakini hawawezi kutumia sheria za majimbo za kuwalinda watumiaji dhidi ya udanganyifu, kwa kuwa ile sheria ya 1978 imezizuia. Mwaka 2014 mahakama hiyo hiyo ilitupa dai la abiria wa shirika jingine aliyefutiwa uanachama wa ngazi ya juu kwa kulalamika mno. Alitaka shirika lilazimishwe kutenda kwa nia njema, na majaji wote walikataa. Septemba 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, chini ya Pete Buttigieg, iliyaandikia mashirika manne makubwa, American, Delta, Southwest na United, ikitaka maelezo ya jinsi yanavyobadili thamani ya pointi. Kuulizwa maswali na wizara ni tofauti na kuamriwa.

Msafiri anayefikiria upya uaminifu wake huanza na swali la anakoishi. Anayeishi Atlanta, makao makuu ya Delta, ana uhuru mdogo, kwa kuwa zaidi ya nusu ya viti vinavyoondoka pale ni vya Delta. Anaweza kukasirika, lakini Jumatatu asubuhi atapanda Delta. Anayeishi New York au Los Angeles, ambako mashirika makubwa yanagombania soko, anaweza kuhama kwa urahisi.

Katika hili mkazi wa Dar es Salaam ana bahati kuliko wa Atlanta, walau kwa safari za nje. Hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda London. British Airways waliacha njia ya Dar es Salaam mwaka 2013, kama walivyoacha ya Entebbe mwaka 2015, na wenye kadi zao za Dhahabu katika miji hiyo walijifunza kwamba hadhi hufa hata bila kanuni kubadilika. Lakini kwa kuwa kila safari ndefu lazima iunganishwe mahali, msafiri huchagua pa kuunganisha: Doha kwa Qatar Airways, Istanbul kwa Turkish, Addis Ababa kwa Ethiopian, Amsterdam kwa KLM, Nairobi kwa Kenya Airways, Dubai kwa Emirates. Hapo imo miungano yote mitatu mikubwa: oneworld, Star Alliance na SkyTeam, na Emirates asiye na muungano. Soko la namna hii halimdai mtu uaminifu. Linamdai alinganishe bei kila safari.

Kenya Airways, iliyojiunga kikamilifu na SkyTeam mwaka 2010, kwa miaka mingi ilitumia Flying Blue wa washirika wake wa Ulaya kabla ya kuanzisha mpango wake wenyewe, Asante Rewards. Kwa msafiri wa Nairobi hilo lilikuwa badiliko la kanuni la aina nyingine. Hadhi aliyoijenga ilikuwa kwenye daftari la Flying Blue, na ilimbidi aamue daftari lipi aendelee kulijaza. Kinachomsaidia ni kwamba ndani ya muungano mmoja, safari ya shirika moja inaweza kuandikwa kwenye mpango wa shirika jingine. Anayepanda Kenya Airways halazimiki kukusanya kwa Kenya Airways.

Baada ya anakoishi, swali linalofuata ni thamani halisi ya hadhi kwake yeye. Hapa watu wengi hujidanganya, kwa sababu huhesabu kila faida iliyoandikwa. Faida isiyotumika haina bei. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayepitia Addis Ababa kwenda Guangzhou mara kadhaa kwa mwaka hunufaika sana na ngazi ya Dhahabu ya Star Alliance, kwa kuwa humpa kilo 20 za ziada, au begi moja zaidi pale mizigo inapohesabiwa kwa idadi. Bei ya kilo hizo kaunta ya uwanjani anaijua vizuri. Kwake hadhi ni shilingi anazoziona. Mtaalamu anayekwenda Ulaya na begi la mkononi tu hapati chochote kwenye kilo hizo. Kwake labda ukumbi wa mapumziko ndio wenye maana, na ukumbi huo mara nyingi unaweza kulipiwa mlangoni au kuingiwa kwa kadi ya benki. Familia ya Watanzania au Wakenya walioko Minneapolis au Birmingham, inayorudi nyumbani Desemba mara moja kila miaka miwili, haitapata hadhi popote, na hasara yake kubwa ni kulipa nauli ya juu kwa ajili ya pointi ambazo hazitafika kokote. Kwao kinachofaa kuangaliwa ni nauli, idadi ya mabegi yanayoruhusiwa, na saa za kusubiri ndege ya pili wakiwa na watoto.

Njia inayotumiwa zaidi na wanaohama ni kulinganishiwa hadhi. Msafiri hutuma uthibitisho wa ngazi aliyonayo kwa shirika A, na shirika B humpa ngazi inayofanana, mara nyingi kwa miezi michache tu, kwa sharti kwamba aruke idadi fulani ili aithibitishe. Baadhi hutoza ada. British Airways walipotangaza kanuni zao, Virgin Atlantic walifungua mlango huo kwa wateja wa British Airways, kama JetBlue na Alaska walivyofanya dhidi ya Delta. Nafasi hii ina mtego mmoja. Mashirika mengi huiruhusu mara moja tu kwa miaka kadhaa, hivyo si busara kuitumia mwaka ambao mtu hana safari za kutosha. Pia anayehama leo kwa sababu shirika la zamani limepandisha viwango hana uthibitisho wowote kwamba jipya halitafanya hivyo mwakani. Presha za benki na wawekezaji ni zile zile kwa wote.

Ndiyo maana wengine wameamua kutohamia popote. Hununua tiketi iliyo bora siku hiyo, na pale wanapotaka kiti chenye nafasi au begi la ziada, hulipia. Ukiondoa wale ambao kazi huwarusha kila wiki kwa fedha za ofisi, huu ndio uamuzi unaofaa wasafiri wengi. Fedha iliyokuwa ikipotea kwenye nauli ya shirika pendwa mara nyingi hutosha kununua ukumbi, begi na kiti kwa safari zote za mwaka, na chenji ikabaki. Wanachokosa ni ile nafasi ya kwanza kwenye orodha siku ndege inapofutwa. Hilo haliuzwi kaunta, na ndiyo sababu pekee ya nguvu inayomfanya msafiri wa kila wiki aendelee kushikilia kadi yake.

Anayeondoka asiache mali yake nyuma. Maili za Delta na United hazina tarehe ya kuisha, kwa hiyo zinaweza kukaa. Za American hufa baada ya miezi 24 bila shughuli yoyote kwenye akaunti, na Avios, yaani maili za British Airways, baada ya miezi 36. Shughuli ndogo, hata kukusanya au kutumia pointi chache, huanzisha hesabu upya. Kwa kuwa thamani ya maili imezoea kushuka, zenye kutosha tiketi ni bora zitumike mapema kuliko kuwekwa kwa ajili ya safari ya ndoto. Avios zina wepesi mwingine: zinaweza kuhamishwa kutoka British Airways kwenda Qatar Airways, Iberia, Aer Lingus au Finnair, kwa uwiano wa moja kwa moja, na kutumika huko. Pointi za ngazi hazihamishiki. Zinabaki kwenye akaunti zilipopatikana, na tarehe 1 Aprili zinarudi sifuri.